Yule Mama wa Sahani

Maoni ya watazamaji tulianza kuyasikia kwa sauti ya Tajiri. Asubuhi, wateja wa chai wakiwa bado hawajajaa, alikaa nyuma ya kaunta, akavaa miwani, akaiweka simu mbali na uso kama mtu anayeogopa kutemewa mate, kisha akatusomea watu walivyosema juu ya filamu yetu. Tajiri ndivyo tunavyomwita mwenye mgahawa, ingawa viti vyake vingi vimefungwa waya miguuni.

"Huyu anasema, 'Filamu imetengenezwa kwa bei ya vitunguu, lakini nimecheka mpaka mume wangu akaja kuuliza nina nini.'"

"Bei ya vitunguu ipi?" aliuliza Mpishi kutoka dirishani kwake. "Vitunguu siku hizi ni mali."

"Nyamaza, nasoma. Huyu anasema, 'Sauti kama watu wanaongea ndani ya ndoo.' Huyu naye, 'Huyo mwenye kidoti apunguze maringo, chai inapoa.'"

Kidoti, mhudumu mwenzetu, akasonya. "Wivu tu. Yeye hana."

"Na hawa wote wa juu kabisa ni wa Bi Mizani. 'Yule mama wa sahani apewe tuzo.' 'Mama wa sahani kaniua.' 'Nimerudia pale anapoziangusha mpaka bando limekwisha.' Bi Mizani, unasikia?"

"Nasikia, Tajiri," alisema Mama, akaendelea kupangusa meza kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa mfukoni mwa aproni.

Bi Mizani ni mama yangu mzazi. Jina hilo alilipata kwa sababu ya sahani. Mgahawani kwetu hakuna masinia. Tajiri anasema sinia ni la mhudumu mvivu. Sahani zinabebwa mikononi, nne kwa safari moja. Ya kwanza inakaa kati ya kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kushoto, ya pili inaingia chini yake ikishikwa na vidole vilivyobaki, ya tatu inalala karibu na kiwiko. Ya nne ni ya mkono wa kulia. Mama alikuwa akipita katikati ya viti na nne zimejaa supu, na supu haitikisiki. Wateja walisema ukitaka kujua kama fundi amekujengea sakafu sawa, mwite Bi Mizani apite.

Hayo ni ya zamani. Mkono ule wa kushoto ulianza kumkimbia polepole. Kwanza kijiko kilimponyoka. Baadaye vifungo vya blauzi vikamshinda, nikawa namfunga mimi. Nikimuuliza anasema, "Nimeulalia vibaya." Mtu haulalii mkono vibaya mwaka mzima.

Tukapata namna yetu ya kufanya kazi bila hata kukaa kuipanga. Yeye anapokea wateja, anawatania, anawauliza wanataka nini, anapeleka chai kikombe kimoja kimoja kwa kulia. Mimi nabeba. Tajiri akiinua macho, ananikuta mimi ndiye niliye karibu na dirisha la jikoni. "Leta, Mama, nakwenda hukohuko," namwambia. Mpishi alijua. Siku moja alianza kumwambia, "Bi Mizani, mficha maradhi..." Mama akamtazama. Methali ikaishia hapo.

Tajiri ana msemo wake, kwamba mhudumu ni mikono. Aliyekuwepo kabla ya Kidoti aliumia mgongo, akapewa mfuko wa mchele na pole nyingi, na jioni hiyohiyo aproni yake ikafuliwa kwa ajili ya mwingine. Mimi ni kibarua tu, naitwa siku za watu wengi. Mwenye kazi ni Mama, na chumba tunacholala, kile cha nyuma karibu na tangi la maji, kinakwenda na kazi yake. Kazi ikitoka, na sisi tunatoka. Hospitali angekwenda, lakini hospitali inataka ruhusa, na ruhusa utaiombaje bila kusema unaumwa nini?

Ndipo akaja dairekta. Kijana mpole, kamera ya kuazima, suruali moja. Alitaka kutengeneza filamu ya kuchekesha juu ya wahudumu wanaomficha mwenye mgahawa kwamba paka amekula nyama ya wageni. Aliiita "Nyama Iko Njiani". Waigizaji wa kuwalipa hakuwa nao, akatuomba sisi wenyewe. Tajiri alikubali kwa sharti kwamba kibao cha mgahawa kionekane vizuri.

Dairekta alimpenda Mama tangu alipomwona. Mwili mkubwa, uso wa hakimu. Alitaka apite na sahani nne huku Kidoti akikimbizana na paka miguuni pake. Nikamwambia mimi ndiye hubeba. Akasema, "Hapana, dada, wewe ukibeba hakuna atakayecheka." Nikamtazama Mama. Mama akatazama kaunta, Tajiri alikuwa amesimama palepale amekunja mikono. Akazichukua sahani.

Alifika nusu ya njia. Niliviona vidole vikifunguka, kimoja baada ya kingine, kama vya mtoto anayesinzia. Sahani zikaanguka zote. Paka akaruka mezani, Kidoti akajigonga mlangoni. Tajiri alishusha mikono.

Mama hakuinama. Aligeuza shingo tu, taratibu, akamwambia dairekta, "Umeipata hiyo, au niirudie?"

Kijana alikaribia kulia kwa furaha. Mama akasema aliona filamu inapoa, akaitia pilipili. Tajiri akacheka mpaka akasahau kuuliza sahani zake. Usiku ule Mama hakula.

Sasa, Tajiri alikuwa anasoma maoni ya juu tu. "Haya ndiyo ya watu wenye akili," alisema. "Kule chini ni wapitanjia." Mimi elimu yangu ni ya msingi, nasoma polepole, lakini nikianza kitu nakisoma mpaka chini. Na chini kabisa ndiko nilikomkuta mtu mmoja ambaye picha yake ilikuwa baiskeli. Hakuweka alama ya kucheka. Aliandika hivi:

"Mimi sikucheka. Huyo mama haigizi. Tazameni vidole vyake kabla sahani hazijaanguka."

Nilikuwa nimekaa kwenye kreti la soda nyuma ya jiko. Nilihisi kama mtu amenifunulia nguo mbele ya watu. Nikairudia filamu, nikasimamisha pale. Ni kweli, ukijua pa kutazama unaona. Kidole cha mwisho kinakunjuka peke yake, kabla ya Kidoti kumgusa, kabla ya paka.

Ningenyamaza, yangeishia hapo. Lakini nilifanya kosa la mtu asiyejua mambo ya simu. Nilidhani neno likijibiwa linakufa, nikamjibu. Niliandika, "Mimi nilikuwepo. Mama yule ni mzima kabisa. Aliigiza, na dairekta anajua."

Baiskeli akajibu kwa adabu. "Sisemi kwa ubaya, mdogo wangu. Mtazame tena kidole cha mwisho."

Wakaingia wengine. "Hebu ngoja, hata mimi nimeona." "Baiskeli umesoma udaktari kwenye pedali?" "Kamera yenyewe inatetemeka kuliko huyo mama, mtajuaje?" "Wewe unayemtetea ni nani, bintiye?" Nikajibu tena. Nikajibu na wa tatu. Mchana niliporudi kutazama, yale maneno hayakuwa chini tena. Yalikuwa katikati.

Nikampelekea Kidoti. Akasoma, akanipokonya simu.

"Umemjibu?"

"Nimemkatalia."

"Mjinga wewe. Ukimjibu mtu huku, unampandisha. Kila anayebishana naye anamsukuma juu. Huu ni moto wa makaa, shoga, ukiupungia kitambaa ndiyo unauchochea."

"Nifute basi?"

"Utafuta ya kwako. Ya wengine utayafutaje?"

Hakuniuliza kama ni kweli. Naye alikuwa na macho, siku zote. Alitoa simu yake akaanza kusifia maoni mengine ili yapande, hata yule aliyesema apunguze maringo akamwekea moyo. Mpishi naye tukamwomba. Akaandika kwa kidole chenye unga, "Filamu nzuri hasa supu." Siku nzima tulikuwa tunapitisha sahani na kuchungulia simu chini ya kaunta, kama watu wanaosubiri habari ya mgonjwa. Ya kwetu yalipanda kidogo yakachoka. Ya Baiskeli hayakuchoka.

Mama sikumwambia. Nilimwona akimwekea mteja chai, anacheka, mteja anamwomba wapige picha, "Mama wa sahani, shika sahani hata moja tuonyeshe watu." Naye anajibu, "Nikishika utanilipa kama nyota?" Wakicheka anaponea hapo. Kila mteja alikuwa mtego wake.

Kesho yake Tajiri alivaa miwani, akasoma ya kwanza, akaivua. Nilikuwa nakausha vikombe. Niliendelea kukausha kimoja hichohicho.

"Bi Mizani," aliita. "Njoo hapa."

Mama akaja, akasimama.

"Watu wanasema hukuigiza. Wanasema mkono wako una kasoro."

"Watu wanasema mengi, Tajiri. Walisema pia masufuria yako yana masizi."

Mpishi akakohoa. Tajiri hakucheka.

"Mimi nisingejali," alisema. "Lakini mtu akiona mgahawa unabebesha wagonjwa vyakula, hali tena. Nataka tuwafunge midomo. Jumamosi dairekta atakuja. Utatoka jikoni na sahani nne zimejaa, utazifikisha meza ya dirishani, hakuna itakayoanguka. Tutaiweka chini ya filamu. Atakayebaki na neno atakuwa na lake."

"Kwa hilo tu?" Mama alisema. "Si kazi yangu hiyo?"

Tuliporudi chumbani aliketi kitandani akautoa mkono mfukoni, akauweka mapajani kama mzigo wa mtu mwingine. Ndipo nikamwambia yote, ya Baiskeli na ya kumjibu. Nilitaka anigombeze. Hakunigombeza.

"Kalete sahani za plastiki," alisema.

Tulijaribu kuzifunga kwa mpira kwenye kidole. Vidole vikageuka vyeusi, sahani zikaanguka vilevile. Tulijaribu kupachika kitambaa kilicholowa ili zisiteleze. Tulijaribu nikimwegemea kwa pembeni, tukagongana kama walevi, akacheka, mimi nikalia, akaniambia nilie baadaye.

Mwishowe akasema, "Tugeuze." Akazipanga tatu kwenye mkono wa kulia. Mkono wa kulia haukujua kazi hiyo, lakini ulikuwa na nguvu, na jioni ya Ijumaa ulikuwa umejifunza. Ya nne tuliamua iwe ya mkate mkavu. Aliilaza juu ya mkono wa kushoto alioubana tumboni. Kazi hiyo haitaki vidole. Alitembea kutoka mlangoni mpaka dirishani, akarudi, akatembea tena. Hazikuanguka.

"Kubeba tumeweza," nilisema. "Kutua je?"

Kwa maana sahani za mkono mmoja hutuliwa na mkono mwingine, na huo mwingine ndio uliokufa. Akasimama katikati ya chumba na sahani zake, anawaza. Jasho lilimtoka puani.

"Nitawaambia wapokee wenyewe," alisema. "Nitawatania."

Jumamosi watu walijaa mpaka mlangoni. Wengine walikuja kuona azibebe, wengine, naona, walikuja kuona aziangushe. Dairekta alipanda juu ya kiti. Kidoti aliwakalisha meza ya dirishani vijana wachangamfu, nadhani aliwachagua kwa makusudi. Mpishi alijaza sahani, lakini supu aliipunguza, nikamwona, naye akaona nimemwona.

Mama alitoka. Kulia tatu, kushoto moja ya mkate. Niliziba njia ya mtoto wa mteja, nikasogeza kiti, nikatembea nyuma yake nikiwa nimekunja vidole vyangu mwenyewe, kama kwamba vya kwangu ndivyo vilivyoshika. Alipita meza ya kwanza. Akapita palepale zilipoangukia. Mtu akasema, "Twende, mama." Supu ilitikisika, haikumwagika. Akafika dirishani, akainama, akanyoosha mkono wenye sahani mbele ya wale vijana.

"Haya, pokeeni wenyewe," alisema. "Leo mimi ni nyota, na nyota haiandai meza."

Wakacheka, wakapokea, moja, mbili, tatu. Akachukua ule mkate kwa mkono uliokuwa huru sasa, akautua mwenyewe. Ukumbi ukalipuka makofi. Dairekta alishuka kitini akamkumbatia. Nikaegemea ukuta.

Tajiri ndiye pekee ambaye hakupiga makofi. Kabla hajawa na mgahawa, Tajiri alikuwa mhudumu, na Mama alifundishwa kubeba na yeye.

Alingoja mpaka watu wakarudia chakula chao. Akaja na kikombe cha chai, kimejaa, bila kisosi. Akasimama karibu na Mama, pale kwenye pazia la jikoni, mimi nikiwa hatua mbili kutoka kwao. Alisema kwa sauti ya chini, na bora angepiga kelele.

"Tangu lini mhudumu wangu anamwambia mteja apokee mwenyewe?"

"Ilikuwa mzaha, Tajiri."

"Mzaha mzuri. Shika chai hii, unywe. Umefanya kazi."

Mama akapeleka mkono wa kulia.

"Kwa kushoto," alisema Tajiri.

Kikombe kilibaki hewani. Mvuke ulikuwa unapanda kati ya nyuso zao. Nilimwomba Mungu Mama akishike hata aungue, hata kimwagike, aseme ni cha moto. Hakuupeleka mkono. Alimtazama mwenzake wa zamani, kisha akaitazama ile chai.

"Usinifanyie hivyo," alisema. "Niambie tu."

Tajiri akakiweka kikombe juu ya friji. "Kwa muda gani?"

"Nimeulalia vibaya."

"Bi Mizani."

Mama akautia mkono wa kushoto mfukoni mwa aproni.

"Mtoto wa dada yangu anatafuta kazi," alisema Tajiri. "Nilikuwa namzungusha, sikuwa na pa kumweka. Kaa mpaka mwisho wa mwezi. Binti yako aendelee na kibarua chake, simfukuzi. Lakini chumba nitakihitaji."

"Nichukue mimi badala yake," nilisema. "Nabeba. Ni mimi niliyekuwa nabeba."

"Najua ni wewe," alisema. "Sasa ndiyo najua. Mmenifanya mjinga ndani ya nyumba yangu mwenyewe." Macho yake yalikuwa yamelowa, nasema nilichokiona, lakini maneno hakuyarudisha. Akaenda kaunta kupokea pesa za watu.

Jioni ile, jua likiwa bado linaingia kwa dirisha dogo la chumbani, nilifungua simu. Kipande cha Jumamosi kilikuwa kimewekwa tayari. Watu walifurahi kuliko hata mwanzo. "Mama wa sahani yuko ngangari." "Mizani haijawahi kudanganya." "Nyota haiandai meza, nimeifanya kauli yangu ya kazini." Na kila aliyemsifu Mama alikuwa na jiwe la kumtupia Baiskeli. Aombe radhi. Arudi kwenye pedali zake. Ana roho ya kwa nini. Walimtukana na mama yake. Yeye hakuwa amejibu hata mmoja.

Mama alikuwa amelala chali, macho yamefunguka, ameuweka ule mkono juu ya kifua. "Wanasemaje?" aliuliza.

"Wanasema uko ngangari."

"Ee." Akafumba macho. "Basi tumewashinda."

Sikuweza kukaa na neno hilo. Nilimwandikia Baiskeli, sio mbele ya watu, kwa faragha. Niliandika nikafuta, mwishowe nikaacha hivi: "Uliona kweli. Ni mama yangu. Amepoteza kazi leo. Wewe ni daktari?"

Nilidhani hatajibu, kwa matusi aliyokula. Alijibu kabla sijaweka simu chini.

"Pole sana, mwanangu. Mimi si daktari. Nilikuwa mshona nguo. Sindano ilianza kuniponyoka, nikaficha, nikawa nampa mwanangu atunge uzi. Nilipokwenda hospitali walisema nimechelewa. Wengine wanaowahi wanasaidiwa, niliwaona kwa macho yangu palepale wodini, kitanda cha jirani. Ndiyo maana sikuweza kucheka. Niambie, wake ulianza lini, na ulianza na kidole kipi?"

Nilisoma mara mbili. Kisha nikamsomea Mama kwa sauti, polepole, kama ninavyosoma kila kitu, sikuruka neno. Nilipofika pale pa kuchelewa nilisita, nikaendelea.

Akakaa kitako. Nikasikia tangi la maji likijaa nje.

"Ni mwanamke?" aliuliza.

"Nadhani."

"Na alishona kwa mkono gani?"

"Sijui, Mama. Anakuuliza wewe."

Akauchukua mkono wa kushoto kwa ule wa kulia, akauleta kwenye mwanga wa dirisha. Akavipapasa vidole, kimoja kimoja, kama mtu anayechambua mchele.

"Mwandikie," alisema. "Kabla ya mvua zile za mwaka juzi. Mwambie ni hiki kidogo. Hiki ndicho kilichotangulia." Akakishika, akakikunja, akakiachia, kikabaki kimekunjika. "Na mwambie hiki cha pili kimeanza kufa ganzi juzi. Hicho hata wewe nilikuwa sijakuambia."